Kadi ya Picha na Fuso ya Tutafika Tu

Ipole, 5 Januari 2025

Kaka Emilian,

Shikamoo. Mwaka umeanza na sisi tupo. Mvua imekuja ya kutosha, Justus amepanda mahindi na tumbaku kidogo, na mizinga yake ameshatundika mingine sita kule msituni. Mama mdogo Leonia goti linamsumbua lakini mdomo mzima. Jana alikaa hapa dukani kwangu tangu asubuhi, akawa anawahadithia wateja wa fotokopi jinsi gari ulilopanda lilivyokufa Nzega siku ya mazishi ya mama. "Gari linaitwa Tutafika Tu, halafu linafia Nzega!" Watu wanacheka, na yeye anafuta machozi. Hadithi hiyo sasa inajulikana mpaka Sikonge.

Kaburi la mama limeota nyasi, nimezing'oa.

Nina jambo moja la kukuomba, na naomba unijibu kwa barua. Usinipigie simu. Mpe dereva Lugembe, anapita hapa na mchele wa kwenda Mpanda kila wiki mbili, ataniletea.

Misa ya mwaka ya mama itakuwa Jumamosi tarehe 14 Juni. Baada ya Misa watu watakula hapa nyumbani, kisha nimewaahidi kuwaonyesha filamu ya mazishi, ile aliyopiga Justus kwa simu yangu. Kompyuta yangu ya mezani unaijua, ile niliyonunua Tabora ikiwa imeshaunganishwa kila kitu. Kwa kuchapa barua na kutoa picha za pasipoti haina shida. Lakini kwenye filamu kuna sehemu moja, nikiigusa tu, mashine inaganda. Nimejaribu mara nyingi. Kijana anayenitengenezea anasema haina kadi ya picha, inatumia akili ya kuazima, ndiyo maana inachoka. Nikipata kadi, itaweza.

Wewe upo kwenye barabara kubwa, Igunga hapo mafundi hawakosekani. Nitafutie.

Mdogo wako,
Josepha


Igunga, 26 Januari 2025

Mdogo wangu Josepha,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mvua ipo. Huku ipo pia, mbuga zote maji, watu wapo kwenye majaruba ya mpunga. Mimi ni mzima isipokuwa bega la kulia. Ukibeba magunia miaka kumi na moja bega linakuwa kama la mtu mwingine, linauma lenyewe kwa wakati wake.

Utanisamehe mwandiko. Darasa la tano ni mbali, na kalamu sijaishika tangu tulipoandikishwa kitambulisho.

Kuhusu kadi nimeuliza. Kuna fundi anaitwa Anton, ana kibanda nyuma ya stendi, watu wanamsifu kwamba hadanganyi. Amesema nimletee jina la mashine na yale maandishi yaliyopo kwenye kile kiboksi cha umeme ndani yake. Kwa hiyo fungua uniandikie.

Lakini nikuulize, Josepha. Hiyo filamu ni ya lazima? Mama tumeshamzika. Watu wakila na kusali si inatosha? Wengine wataanza kulia upya. Na hiyo sehemu inayoigandisha mashine ni sehemu gani? Si uikate tu uendelee?

Na kwa nini nisipige simu? Barua inachukua wiki mbili. Halafu Lugembe siku hizi sijui ana nini. Zamani akija kupakia lazima tunywe chai pamoja, ananitania eti Wanyamwezi tulizaliwa na mzigo kichwani. Sasa ananipa barua kama askari anayetoa samansi, anageuka. Nimemuuliza kama nimemkosea, akasema, "Waulize kwenu."

Msalimie shemeji Justus. Msalimie mama mdogo, mwambie hadithi ya Nzega imetosha.

Kaka yako,
Emilian


Ipole, 20 Februari 2025

Kaka,

Shikamoo. Barua yako ilikaa kwenye gari siku tisa kwa sababu ya tope la huku kwetu. Pole na bega. Nakutumia asali kwenye chupa ya maji, uchanganye na tangawizi.

Nimeifungua mashine. Ndani ni vumbi, na nafasi yenyewe ni ndogo kama kabati la mtawa. Maandishi ya kiboksi cha umeme nimeyanakili yote kwenye karatasi ya pili, ukampe fundi kama yalivyo. Kijana wa hapa anasema wati zake ni mia mbili, lakini eti haidhuru.

Umeuliza filamu ni ya lazima. Mama mdogo ameshawaalika watu wa Ulyankulu. Anasema hakuona chochote siku ile kwa kulia, anataka kuona sasa. Ana umri wa kukataliwa huyo?

Umeuliza kwa nini nisiikate hiyo sehemu. Siwezi. Ni pale mama anapotoka nyumbani kwenda makaburini. Justus alisimama mahali pamoja akapiga bila kuzima, na hakuna mwingine aliyepiga. Kuna kitu kimoja mle ndani lazima nikifunike kwa ukungu, na kinasogea kadiri simu inavyosogea, kwa hiyo mashine inatakiwa ikifuate picha kwa picha. Hapo ndipo inapoganda.

Ni kitu gani, hilo niachie mwenyewe.

Josepha


Igunga, 6 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Marahaba, na nisamehe kwa kuchelewa. Asali imefika na bega limepata nafuu. Huku Machi tulikuwa tunapakia mchele wa akiba ya mwaka jana usiku na mchana kwa sababu bei ilipanda. Nyapara wetu Masanja alifiwa na mtoto, tukaenda kijiji cha Choma kuzika, gari zima la vibarua. Tulitoka alfajiri tukarudi jioni. Nilichimba kaburi mimi na wenzangu wanne. Sijui kwa nini nakuandikia hilo.

Kadi nimeipata. Imetumika, lakini Anton ameijaribu mbele yangu na picha zilitembea kama maji. Nimeifunga kwenye pamba, jirani yangu analinda kwenye ghala la pamba, nayo ipo ndani ya kopo la maziwa ya unga. Usilitikise.

Mpe kijana wako aifunge.

Nawatakia Pasaka njema.

Emilian


Ipole, 29 Aprili 2025

Kaka,

Shikamoo.

Kadi ilifika Alhamisi Kuu. Tulingoja Pasaka ipite. Jumanne kijana akaja, tukatoa pamba yote kwa kibano mpaka kwenye feni, akaichomeka. Akaona ina tundu la waya wa umeme wa peke yake, na kiboksi chetu hakina waya huo. Akaunganisha waya mbili za kuazima kutoka kwenye diski. Nikamuuliza, "Haina hatari?" Akasema, "Dada, kama ingekuwa na hatari, aliyeinunua angeambiwa na muuzaji."

Iliwaka. Picha zikatembea. Nilianza kuweka ule ukungu, nikafika nusu ya njia ya makaburini. Kisha harufu, kisha moshi, kisha kimya.

Filamu ilikuwa kwenye diski ya humo. Kwenye simu nilishaifuta zamani kwa kukosa nafasi. Justus ameibeba mashine kwenye pikipiki kuipeleka Tabora. Sijui kama mama bado yumo.

Duka limefungwa. Mama mdogo sijamwambia.

Josepha


Igunga, 8 Mei 2025

Josepha mdogo wangu,

Sijui nianze na salamu gani. Natumaini mnaamka salama.

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya magunia. Nikaisoma tena. Masanja akaniita mara tatu, wenzangu wakasema kaka amepata msiba. Nikasema hapana, msiba ni wa zamani.

Huyo kijana hana kosa. Usimlaumu. Muuzaji aliniambia.

Anton alisoma karatasi yako palepale akatikisa kichwa. Akasema, "Mzee, mashine hizi za bei rahisi kiwanda kinaziwekea umeme wa kujitosheleza zenyewe tu. Ukiiongezea kadi hii bila kubadilisha kiboksi cha umeme, ni sawa na kumpandisha punda magunia ya trela. Chukua na kiboksi kikubwa, au chukua kadi ile ndogo isiyotaka waya." Halafu kwa kuwa alijua sitaweza kukueleza, akaandika mwenyewe kwenye karatasi. Ninayo hapa. Ameandika: "Wati mia nne kwenda juu. Waya wa pini sita uwe wa kiboksi chenyewe. Msiunganishe waya wa kuazima, mtaunguza." Amepiga mstari chini ya mtaunguza.

Nilitakiwa kuiweka ndani ya kopo. Nilikuwa nimeikunja tayari. Nikaitia mfukoni.

Na kadi yenyewe niliinunua mwanzoni mwa Machi. Ilikaa chini ya kitanda changu mwezi mzima. Habari ya kupakia usiku na mchana ni kweli, lakini siyo sababu.

Sikutaka filamu imalizike. Sikusema hivyo hata moyoni. Nilisema tu, wakishindwa wataacha, watakula, watasali, watakwenda. Sikujua kwamba itaungua. Lakini ilikuwa imeandikwa na nilikuwa nimeisoma, kwa hiyo nilijua.

Sasa nikuambie na lile lingine, maana nikiliacha leo sitaliandika tena.

Sikuwa Nzega. Siku ile sikutoka Igunga. Ulipopiga ukasema mama amefariki usiku na mazishi ni kesho mchana, nilikuwa naipakia hiyohiyo Tutafika Tu, Fuso ya Lugembe, inakwenda Mpanda. Magunia yale nimeyapandisha mimi. Kiti cha tingo, kando ya dereva, kilikuwa wazi kwa sababu tingo wake alikuwa mgonjwa. Ningesema neno moja tu ningepanda. Sikumwambia Lugembe, sikumwambia Masanja, sikumwambia mtu. Ningeweza kukuandikia kwamba Masanja alininyima ruhusa, lakini ungekuwa uongo, na wakati wa msiba wake mwenyewe ndipo nilipoona angeniruhusu hata kabla sijamaliza kusema.

Asubuhi ulipopiga tena ukauliza nimefika wapi, mdomo wangu ukasema gari limekufa Nzega. Ukauliza gari gani. Nikataja gari nililokuwa nimelipakia.

Sababu ni hii. Mwezi Mei mwaka jana mama alinipigia kwa simu ya mama mdogo. Akasema, "Emilian, njoo nikuone." Nikasema, "Nipo njiani, mama." Nilikuwa nakula ugali. Wiki iliyofuata akapiga, nikasema tena, "Nipo njiani." Akacheka, akasema, "Njia hiyo ni ndefu siku hizi." Hakupiga tena. Kwa hiyo alipokufa niliogopa kufika. Kufika ningefika kwa mtu aliyekuwa ananisubiri, na amelala.

Hii ndiyo habari yangu. Nimemwomba Anton anitafutie kiboksi kikubwa cha umeme. Kama diski imekufa, sina cha kusema.

Emilian


Ipole, 25 Mei 2025

Kaka Emilian,

Shikamoo.

Nianze na lililo zuri. Diski ni nzima. Fundi wa Tabora anasema kiboksi cha umeme kiliungua peke yake kikaviokoa vingine. Kadi nayo ni nzima. Kiboksi ulichotuma na Lugembe kilifika, ila hakikuingia ndani ya kasha, kwa sababu mashine hizi kila kiwanda kinakata matundu kwa kipimo chake. Kwa hiyo kimekaa nje, juu ya kipande cha mzinga mbovu wa Justus, na ubavu wa kasha upo wazi. Mama mdogo alipoiona akasema, "Huyu mgonjwa mmemtoa utumbo mkamwachia hivyo?" Lakini inafanya kazi vizuri kuliko siku zote.

Sasa la pili. Kuhusu Nzega nilijua.

Nilijua siku ileile, kaka. Utaratibu wa kwetu unaujua, mtoto wa kwanza ndiye anayetangulia kutia udongo. Padri alikuwa tayari saa saba mchana. Mama mdogo akasema hapana, Emilian yupo Nzega, anatengeneza gari, tumsubiri. Tukakusubiri. Saa nane. Saa tisa padri akaomba radhi, alikuwa na mazishi mengine kwenye kigango cha mbali, akaondoka. Saa kumi katekista akasema jua linakwenda, tumnyanyue mama.

Wanamtoa nyumbani, Fuso inatokea upande wa Sikonge. Dereva alipoona jeneza akazima gari pembeni, kama wanavyofanya wote, akashuka akavua kofia. Mama alipita mbele ya gari lile, karibu kuligusa. Juu ya kioo chake pameandikwa kwa rangi nyekundu, TUTAFIKA TU.

Baada ya kuzika nikamfuata Lugembe. Nikamwuliza, "Gari limepona saa ngapi?" Akasema, "Gari gani? Mimi nimetoka Igunga jana jioni sijasimama popote ila Tabora kulala." Nikasema, "Na kaka yangu?" Akasema, "Emilian? Nimemwacha getini, alinipungia mkono. Kwani hapa ni kwao?" Nilipomwambia aliyezikwa ni nani alikaa chini kwenye mavumbi, mtu mzima yule. Nikamwomba asimwambie yeyote, hata wewe. Ndiyo maana hanywi chai na wewe.

Siku ile wengi walikuwa wameinamisha vichwa. Waliosoma maandishi yale, kama wapo, hawajasema. Lakini nilipokupigia asubuhi simu ilikuwa kwenye sauti kubwa, msiba mzima ulikusikia ukilitaja gari, na mama mdogo amehakikisha hakuna aliyesahau. Kwenye filamu maandishi yale yanakaa kati ya picha dakika nzima, na jeneza mbele yake. Mama mdogo hajui kusoma, lakini wajukuu zake wanajua, na wanapenda kusoma kila kitu kwa sauti.

Hicho ndicho nilichokuwa nakifunika. Kulikata gari ni kumkata mama. Nilitaka kadi ili nikusitiri, kaka, na wewe ukaacha iniunguzie mashine.

Nilikuwa na hasira nawe mwaka mzima, na bado ninayo. Nilikataza simu kwa sababu kwenye simu wewe huwa upo njiani. Nilifikiri kwenye karatasi utapata shida kidogo ya kudanganya. Ulipata shida miezi minne.

Sasa mashine inaweza. Ukungu nimeuweka jana, umekaa vizuri, unaonekana kama vumbi la barabarani tu. Nina filamu mbili, yenye ukungu na isiyo na ukungu. Niambie nionyeshe ipi. Usichelewe.

Josepha


Igunga, 12 Juni 2025

Josepha mdogo wangu,

Marahaba.

Barua yako nimekaa nayo tangu Jumapili. Hujawahi kuniambia kwamba padri aliondoka. Miaka yote mama alifua vitambaa vya altare, halafu akazikwa bila padri kwa sababu ya simu yangu. Hilo nalibeba. Siwezi kukuomba ulipunguze.

Onyesha ile isiyo na ukungu.

Usimwonyeshe mama yetu akipita mbele ya vumbi la uongo. Wajukuu wasome kwa sauti. Mama mdogo akiuliza, "Hili si lile gari lililofia Nzega?" usimjibu wewe. Nitajibu mimi, nikiwa nimesimama mbele yao. Nimejaribu maneno yenyewe na sijayapata, lakini yatakuwa machache. Wakitaka kunifukuza wanifukuze baada ya Misa, Misa nataka niisikie.

Kadi itumie kwa harusi na kwaya za watu. Ni kadi nzuri.

Nimeomba ruhusa kwa Masanja. Nilimweleza yote, na yeye ana kaburi la mtoto Choma bado jipya. Akasema, "Mwaka mzima ulikuwa unanibebea magunia na hilo mgongoni? Nenda."

Jioni nikamfuata Lugembe nikamwomba kile kiti cha tingo. Alinitazama. Akasema, "Kile kile?" Nikasema kile kile. Akafungua mlango akapangusa kiti kwa kofia yake. Akasema, "Panda, Mnyamwezi. Lakini ukishuka Nzega hata kukojoa, nakufunga kamba juu ya magunia." Ndiyo mara ya kwanza kunitania tangu mwaka jana.

Kwa hiyo barua hii simpi yeye. Naileta mwenyewe. Kesho nitakupa mkononi mlangoni pa duka lako, maana najua nikifungua mdomo kwanza nitasema kitu kingine. Isome mpaka mwisho ndipo uamue kama utanisalimia.

Usiharakishe. Nitakaa nje, chini ya ule mti ambapo Justus huchonga mizinga. Mlinisubiri masaa matatu juani. Na mimi naweza kusubiri.

Emilian